Tasa ya Mwalimu Gozbert

"Ni tasa," sauti ya mumewe ilitoka sebuleni. "Tasa kabisa, Ansbert."

Tekla aliganda nyuma ya pazia, sinia la chai mikononi. Vikombe viwili vyenye picha ya Malkia mpya wa Uingereza, vilivyogawiwa shuleni, vilianza kugongana. Akalibana sinia kifuani ili vinyamaze.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu wafunge ndoa na kuhamia Temeke, na nyumba ilikuwa kimya. Mama mkwe alipokuja kutoka Bukoba hakuuma maneno: mke asiyezaa hurudishwa kwao mapema, mume atafute mwingine. Siku ile Gozbert alicheka tu. Leo hakuwa anacheka.

"Una hakika?" aliuliza Ansbert, mwalimu mwenzake.

"Nimehangaika nayo tangu Pasaka. Nimejaribu zote, hakuna iliyoingia."

Zote, yaani dawa, za mizizi na za hospitali. Kwani aliyezinywa ni nani? Na tena anasema "nayo"! Hata "naye" amenyimwa. Mtu anayemfulia mashati na kumpikia ndizi zake kila jioni amekuwa kitu, kama meza.

"Sasa utafanyaje?"

"Padri ndiye aliyenipa. Kesho asubuhi nakwenda Pugu, namrudishia."

Padri wa Pugu ndiye aliyewafungisha ndoa. Basi yamekwisha. Kesho jioni angekuwa kwenye behewa la daraja la tatu na sanduku lake la bati, na Bukoba nzima ingejua kwa nini. Alitaka kulia, lakini hasira ikatangulia. Yeye, kati ya wanawake wote, aitwe tasa!

Alilisukuma pazia kwa bega. Chai ikamwagikia miguu, wala hakuisikia.

"Tasa si mie!" alipiga kelele, macho ameyafumba kwa woga. "Mie nimezaa! Mwanangu yuko kwa mama, mwakani anaanza shule. Nilimzaa kabla hujanijua. Kama nyumba hii ina tasa, jitazame wewe!"

Alipofumbua macho, Gozbert alikuwa amesimama mbele ya ubao alioazima shuleni, chaki mkononi. Ubao mzima ulijaa hesabu za kugawanya, na juu yake, kwa tarakimu kubwa, palikuwa pameandikwa 1,000,003.

"Shemeji," alisema Ansbert, akitazama viatu vyake, "ni namba tasa tu, isiyogawanyika. Ya Padri."