Maneno ya Askari

Mazoezi ya mchezo wa kuigiza yalisimama. Mzee Mbaruku, aliyepewa sehemu ya askari anayebomoa nyumba, alikataa kufoka kama ilivyoandikwa.

"Askari hakusema hivyo."

Siwema, mwandishi wa mchezo, alipandwa na hasira. "Babu, nyumba ilikuwa ya mama yangu! Utanifundisha?"

"Ulikuwa mgongoni mwa mama yako, mwanangu. Aliongea taratibu tu: 'Pole, dada. Mtoe mtoto kwanza, na hiyo mbuzi ya nazi, isije ikavunjika.'"

Siwema akaganda. Mbuzi ile iko jikoni kwake mpaka leo, na hajaiandika popote.

"Nani kakwambia?"

Mzee aliivua kofia ya kiaskari ya kuigizia, akaipangusa, akaivaa upya, ikakaa sawasawa bila kioo.

"Andika," alisema kwa upole.

Kalamu ya Siwema ilibaki juu ya karatasi, haishuki, haiondoki.