Hereni za Azucena

Siku ya sikukuu ya mifugo, Eleuterio alimvisha Azucena hereni mpya: vishada viwili vya sufu nyekundu alivyovisuka kwa mkono wake. Mkewe, Nemesia, hakupata hata utepe.

Azucena, lama wake wa kubebea mizigo, mwenye shingo ndefu na sufu nyeupe, akatikisa masikio. Kishada kimoja kikaanguka. Nemesia akakiokota, akaangalia huku na huku, akaenda kukishona kwenye kofia yake mwenyewe. Eleuterio alikiona, akasema "mm" tu.

Nemesia hakushangaa. Mumewe alikuwa mtu wa "mm". Ukimpa chai, "mm". Ukimwambia paa linavuja, "mm". Maneno yote aliyojaliwa alimmwagia lama yule, mdomo sikioni, wakipanda mlima na magunia ya viazi.

Halafu wakaja watu wa filamu kutoka La Paz.

Mwongozaji wao, binti aitwaye Ximena, alikuwa amesikia habari za mtu na lama wake wasioachana. Akawapiga picha bondeni, kisimani, kwenye theluji. Kijiji kizima kikapata vibarua. Nemesia alipewa kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu.

"Mama, kishike hapa kifuani, simama karibu na kamera, uelekee jua," Ximena alimwambia. "Kinampelekea baba mwanga usoni."

"Mwanga wa nini, na mke mwenzangu leo kagoma? Kalala zizini anatafuna tu."

"Mwache apumzike. Leo tunamtaka baba peke yake."

Ximena akamnong'oneza Eleuterio jambo. Eleuterio akacheka kwa haya, akavua kofia. Nemesia hakuona zaidi ya hapo. Jua lilikuwa mgongoni mwa mumewe na lilimpiga yeye machoni. Alichokumbuka baadaye ni mikono iliyokufa ganzi.

Sasa filamu ilikuwa imeletwa kijijini. Madirisha ya ukumbi wa shule yalizibwa kwa mablanketi, na shuka likatundikwa ukutani. Nemesia alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Miguuni pake palikuwa na furushi: nguo zake na viazi vikavu vya kula njiani. Lori la Oruro lingepita jioni ile, na dada yake huko alikuwa anamngoja.

"Furushi la nini tena, shoga?" aliuliza jirani yake Basilia, akijipenyeza kando yake.

"La baridi."

"Mwongo wewe. Unamwachia lama nyumba?"

"Aikae. Na supu ampikie yeye."

Basilia akacheka mpaka watu wa mbele wakageuka. Eleuterio hakugeuka. Alikuwa mstari wa kwanza, kofia magotini, shingo imezama mabegani kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Filamu ikaanza. Azucena alipotokea, sikio moja na hereni nyekundu, jingine tupu, watoto wakapiga makofi.

"Mwone mwenzio alivyopendeza!" Basilia alinong'ona.

Nemesia akauma midomo. Kwenye shuka, Eleuterio alikuwa akimsugua Azucena shingo, akimsimulia mambo. Upepo ulipovuma, alivua joho lake akamfunika. Joho lile Nemesia alilifuma mwenyewe kipupwe kizima, na aliposema amemaliza, jibu lilikuwa "mm".

Kisha dhoruba ikaja na Azucena akapotea. Eleuterio akapanda mlima akiita jina lake, sauti ikimpasuka. Azucena! Azucena! Nemesia alijaribu kukumbuka ni lini jina lake mwenyewe liliitwa hivyo. Hakukumbuka. Akalivuta furushi karibu.

Dhoruba ikatulia, jua likatoka. Pale kileleni lama akaonekana amesimama, mzima. Halafu uso wa Eleuterio ukajaa kwenye shuka lote.

Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa anatazama tu, bila kofia, kama mtu aliyerudishiwa kitu ambacho hata kukiomba hakuthubutu. Mwanamume mmoja mbele akapenga kamasi kwa nguvu. Basilia alikuwa analia waziwazi.

"Mungu wangu. Marehemu wangu angenitazama hivi mara moja tu, ningekufa nimeshiba."

"Basi amtazame," Nemesia alisema, akasimama, furushi begani. "Mimi nimechoka kutazama."

"Nemesia, kaa chini!"

Hakukaa. Alikuwa ameshaushika mlango alipogeuka, si kwa mapenzi, kwa wivu tu, amwone yule mnyama kwa mara ya mwisho.

Lama hakuwapo kwenye shuka. Picha ilikuwa imesogea karibu zaidi na zaidi, mpaka jicho moja la mumewe likawa kubwa kama mlango aliokuwa ameushika. Ndani ya weusi wa jicho lile, kishada chekundu kilikuwa kikicheza kwenye upepo.

Chini ya kishada palikuwa na kofia, na chini ya kofia mwanamke mdogo aliyekunja uso kwa jua, amekumbatia kitambaa cheupe kifuani.