Ulimi wa Ukoo

Binti aliiweka asali mdomoni, akamwomba Mungu uso wake usimsaliti.

Vikombe vitatu vilikuwa mbele yake juu ya kaunta, kati ya jibini na chupa za mafuta ya zeituni. Kimoja kilikuwa na asali iliyochakachuliwa kwa sukari. Akikitambua, duka ni lake, na ataozea humo humo akiwachekea matajiri. Akikosea, yuko huru. Tiketi ya treni ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na chuo cha ufundi kilikuwa kinamsubiri.

"Usiharakishe, mwanangu," baba alisema. "Ulimi wetu hauna papara."

Ulimi wetu! Wimbo huo ameusikia tangu akibebwa mgongoni. Babu alianzisha duka kwa ulimi wake tu, na wauzaji walaghai walimwogopa kama polisi. Baba akaurithi. Picha zao zilitundikwa ukutani, wanaume wawili wameinua videvu, na nyuma yao wake zao wameshika vijiko. Mpaka leo mzigo ukija, baba huonja, mama hukung'uta kijiko kwenye mtungi, kisha baba hutoa hukumu.

Asali mbovu ilikuwa ya kati. Ilimkwaruza koo. Binti akaimeza, akaonja na ya tatu, akanyoosha kidole.

"Ni hiki cha mwisho."

Moyo ulimruka kwa furaha. Kwaheri, jibini.

Baba akaionja ya tatu, akafumba macho, akatulia kama kawaida yake. Nyuma yake kijiko cha mama kiligonga mtungi, mara moja.

"Ndicho!" baba akapaza sauti. "Ana ulimi wa babu yake!" Akamkumbatia, akatoka mbio kuwaita majirani.

Binti aliduwaa. "Mama, si nimekosea?"

"Najua. Ulikunja uso kwenye cha kati."

"Kwa hiyo na wewe uliionja?"

"Niionje kwa ulimi upi? Siku hizi hata chumvi siisikii."  Mama alimvua koti taratibu, akamfunga aproni yake mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu. Nisingeweza kumwacha baba yako bila ulimi."

"Lakini ulimi wa babu..."

"Babu yako hakuwa na ulimi. Alikuwa na bibi yako." Mama akamwekea kijiko mkononi, akamkunja vidole. "Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana."