Hatari ya Nyumba Yetu

Tak! Kitu kilijifunga ndani ya nyumba. Nilikuwa chini ya gari langu, nikikaza springi kwa ajili ya mashindano ya magari ya Jumamosi uwanjani.

“Shaame!” mke wangu aliita. “Viatu vya Tunu vimeganda sakafuni. Umezima nini huko?”

“Breki zinazojikanyaga zenyewe, basi.”

“Umemaliza hatari ya nyumba nzima!”

Kila nyumba hugawiwa kiasi cha hatari, na kikiisha vitu hujifunga vyenyewe, hilo nalijua. Lakini gari halijasogea hata kidogo! Breki na mtoto wapi na wapi?

Niliingia ndani. Tunu, binti yetu aliyeanza kutembea jana tu, alikuwa amesimama palepale, akininyooshea mikono. Ningeweza kuziwasha breki, na viatu vyake vingefunguka. Nikachuchumaa mbele yake.

“Jumapili, mwanangu,” nikamwambia. “Baba akisharudi kutoka uwanjani, utatembea.”