Dumu la Delmar

Nedra alilishusha dumu la maji garini, akalisoma jina la mumewe na tarehe ya siku hiyo, alivyoviandika ubavuni kwa wino mzito, kisha akalirudisha garini na kuondoka.

Hapo ndipo barabara ya vumbi inapoikata njia ya miguu, katikati ya jangwa. Watembeaji wa kusini mwa Utah huficha maji yao mahali kama hapo kabla ya kuanza safari, na mtu mwingine hayagusi, hata awe na kiu ya namna gani. Kanuni ni moja: usipoyakuta maji yako, unageuza.

Nedra alitaka Delmar ageuze.

Hii ilikuwa hifadhi ya tano ya safari yao. Usiku walilala garini, viti vimelazwa na godoro limetandikwa juu yake. Kila asubuhi alimshusha mumewe mwanzo wa njia, akaenda kuficha maji, akazunguka na gari kumngoja upande wa pili. Kila jioni Delmar alitokea kwenye kona, vumbi mpaka magotini, dumu tupu mkononi, akipiga mluzi. Alikuwa na miaka sabini na mbili na ameshapasuliwa moyo mara moja. Watoto walipiga simu kila siku: "Mama, mwambie baba inatosha." Alikuwa ameshamwambia.

"Unanizika kabla sijafa," Delmar alimjibu asubuhi ile, akifunga kamba za viatu. "Nenda, nenda. Usinisimamie kama askari jela. Na maji uyaweke kivulini. Juzi nilikunywa chai."

"Turudi nyumbani, mzee."

"Nyumbani nikafanye nini? Nihesabu vidonge?"

Basi Nedra akaamua maji yakosekane, mara moja tu. Delmar angegeuza, angerudi alikoanzia, angenuna siku mbili, na habari ingeishia hapo. Angemwambia kuna mtu ameyaiba.

Alikuwa ameshaegesha upande wa pili, anakula mkate wa siagi ya karanga, alipoifanya hesabu iliyompasa kuifanya kabla. Delmar hubeba lita mbili. Lita mbili humfikisha kwenye dumu, basi. Kurudi ni mbali sawasawa na kwenda, na angerudi bila tone, jua likiwa utosini.

Aliutupa mkate kando.

Alirudi njia panda kwa mwendo ambao barabara ile haiuruhusu. Chini ya mti wa mreteni, mahali pa kuficha maji, hapakuwa na mtu. Aliita, hakuitikiwa. Aliinama akaukagua mchanga wa njia ya miguu. Upepo wa usiku ulikuwa umeulainisha, na juu yake palikuwa na nyayo za mjusi tu. Kwa hiyo Delmar hakuwa amefika. Kwa hiyo alikuwa ameanguka mahali fulani kati ya hapo na mwanzo wa njia, na maji yake yalikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Nedra aliwasha gari kwenda kumtafuta kuanzia alikomwacha. Njiani aliyapanga maneno atakayowaambia askari wa hifadhi, halafu watoto. Kila alipofika kwenye neno "nikayarudisha garini", alianza upya.

Mwanzo wa njia palikuwa na gari kubwa la kulala, turubai limetandazwa ubavuni, na chini yake watu watatu wanacheza karata. Nedra alilinyakua dumu akashuka mbio. Mwanamke mwenye kofia pana aliinuka, mikono ameitanua.

"Ngoja, ngoja! Wewe si Nedra? Tangu hifadhi ya kwanza tunaonyeshwa picha yako mpaka tumeikariri!"

"Nisaidieni, mume wangu yuko huko njiani..."

"Huko njiani wapi? Wewe ndiye uliyekuwa njiani, bingwa! Mwanamke anakatiza jangwa zima kwa miguu, hifadhi baada ya hifadhi, mume kazi yake kumngoja! Keti, dada, pumzisha miguu. Na leo umetuharibia, maana alasiri huwa tunampa lifti mzee wako, anaokota dumu njia panda, tunamshusha kabla ya kona. Anasema anapenda kukushtukiza."

Mchezaji aliyekuwa amempa Nedra mgongo aligeuka taratibu. Alikuwa na karata mkono mmoja na kipande cha nyama ya kukaanga mkono wa pili, na masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya.

"Sikiliza, Nedra," Delmar alianza. "Nilijaribu ile siku ya kwanza. Nusu saa tu, kifua kikabana. Nikaona nitakwambiaje, na wewe unahangaika na maji yangu..."

Aliziweka karata chini. Macho yake yalikuwa yametua kwenye dumu, lililojaa mpaka kifunikoni.

"Nedra," alisema, "saa saba hii, hayo maji yanafanya nini mkononi mwako?"