Fungu la Nne

"Andika wanne," Dehbia alisema, na kalamu ya Arezki ikasimama hewani.

Nyuma ya pazia la jikoni, Ounissa alijishika tumbo, akabana pumzi.

Ilikuwa asubuhi ya timechret, sadaka ya nyama ya mtaa mzima, katika mtaa wa juu wa Tizi Ouzou. Mafahali watatu walikuwa wamekwisha kuchinjwa uwanjani, na nyama hugawanywa kwa vichwa: kila mtu wa nyumba na fungu lake, awe yupo au yuko ng'ambo, hata aliye tumboni. Aliyeandikwa ni mtu wa mtaa. Asiyeandikwa, Mungu amsaidie yeye na mamake.

"Wanne kutoka wapi, Mama Dehbia?" aliuliza Arezki, karani wa wazee wa mtaa. "Ninaowajua humu ni wewe na mkweo tu."

"Mimi mmoja. Ounissa wa pili. Mwanangu Meziane, yuko Hispania, wa tatu. Na mtoto wake wa nne."

"Meziane ameondoka mwaka wa tatu huu!"

"Basi? Alimwacha mkewe na mimba changa, mtoto akalala tumboni kwa huzuni. Sasa ameamka. Hujapata kusikia mtoto kulala?"

"Nimesikia, ila..."

"Ila nini? Babako alizaliwa miezi ishirini baada ya babu yako kupanda meli ya Ufaransa. Kuna aliyehesabu kwa vidole? Andika, bwana, nyama inaliwa na nzi huko!"

Uso ulimwiva Arezki mpaka masikioni. Akaandika.

Ounissa aliketi sakafuni, machozi yakimtoka kwa shukrani na kwa aibu. Masikini Mama, anaamini kweli! Mtoto hakuwa amelala hata siku moja. Alikuwa wa muuza vitambaa wa mtaa wa chini, ambaye tangu aambiwe habari hizo alifunga duka na kutokomea.

Ni upweke uliompeleka kwa mtu yule. Tangu Meziane apande boti na wenzake kwenda Hispania, Ounissa hakuisikia tena sauti yake. Simu ya nyumba ilikuwa moja, ilikaa kifuani mwa Dehbia, na sijui ni bahati gani hiyo, Meziane alipiga kila mara Ounissa akiwa hamamuni au sokoni. "Amekusalimu sana," Dehbia angemwambia. "Anasema vumilia." Kaka zake Ounissa walikuja mara mbili kuuliza kama dada yao bado ana mume, au wamrudishe kwao kama wajane wanavyorudishwa. Dehbia aliwatimua mlangoni. "Mwanangu mzima! Jana tu nimeongea naye!"

Mchana nyama ikaletwa, mafungu manne kamili. Dehbia alipika kuskusi, akampakulia mkwewe kipande kinono kuliko vyote.

"Kula, mwanangu. Huyo wa ndani naye ana njaa."

Ounissa alisukuma bakuli kando, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Mtoto hakulala."

"Najua."

"Si wa Meziane."

"Najua, nimekwambia. Kwani mimi sina macho?"

Ounissa aliangua kilio. "Nimemsaliti mume wangu, Mama! Anahangaika huko ugenini, ananitumia salamu, nami nimemfanyia haya. Akirudi, uso wangu nitauweka wapi?"

Dehbia naye akashuka chini, mwanamke wa miaka sabini, akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Hukumsaliti mtu," alisema. "Siku ya nne tu tangu aondoke, wenzake walionusurika walinipigia simu. Boti imezama, wameshamzika kulekule. Kaka zako wangekuchukua, Ounissa. Mimi ningebaki na nani?"