Niitikie

Wanyama wa ziwa moja walikuwa na chama chao cha kuendesha mashua ndogo za tanga, na sheria yao kuu ilikuwa moja: ziwa likichafuka wote warudi, kisha Nguchiro aite majina. Asiyeitika hufuatwa mara moja kwa mtumbwi wa uokozi.

Kima, ambaye kutulia hakukujua, aliiona sheria hiyo ni kero. Akamwendea Kasuku, fundi wa kuiga sauti.

"Ndugu yangu, ziwa likichafuka leo, niitikie. Nataka nikizunguke kisiwa mara moja zaidi."

"Na ukipinduka?"

"Mimi? Labda ziwa ndilo lipinduke!"

Kweli ziwa likachafuka; wenzake wakarudi ufukoni, yeye akaelekea kisiwani. Hakufika mbali. Upepo uligeuka ghafla, mashua ikalala, ikapinduka. Kima aling'ang'ania ubavu wake huku akitweta, macho yote ufukoni. Kule Nguchiro alikuwa akiita.

"Fisimaji!"

"Nipo!"

"Kima!"

"Nipo!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kavu, haina hata tone la maji. Kima akapiga ukelele kwa nguvu zote alizobakiwa nazo:

"Sipo! Jamani, sipo!"

Ufuko mzima ukaangua kicheko.

"Kasuku, acha mzaha," akasema Nguchiro. "Asiyekuwepo ataitikaje?"

"Wallahi si mimi! Kima yuko majini!" Kasuku akaapa, lakini kwa kiwewe aliapa kwa sauti ile ile ya Kima.

Wakacheka tena, wakaupandisha mtumbwi wa uokozi mchangani, wakaufunga.